Shahidi Aliyekaa

Katika mitaa ya Ngamiani, mtu aliyetaka kitanda chake kiwambwe upya alimtafuta Uweso. Aliyetaka kitanda kidumu aliuliza kwanza kama kamba ni za mkewe. Mwanamkasi binti Mwinyijuma alisuka kamba za ukindu uani kwake tangu alipoolewa, mumewe akaziwamba kwenye vitanda vya watu, na kazi ilipokwisha walikipeleka kitanda kwa mwenyewe kwa miguu. Uweso alitangulia, kitanda kichwani, miguu ya kitanda ikitazama mbinguni. Mwanamkasi alifuata nyuma na kamba za akiba, kwa kuwa wako wateja ambao huona kasoro pale kitanda kinapofika mlangoni.

Ndivyo walivyokuwa wakienda alasiri moja ya mwaka 1956, kando ya barabara ya Makorora, wakati motokaa nyeusi iliyokuwa ikija mbele yao ilipoacha upande wake na kumkumba Uweso. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti. Kitanda kiliruka, kikapinduka hewani, kikatua katikati ya barabara kwa miguu yake yote minne, kizima, kama kilichowekwa pale kwa ajili ya mgeni.

Dereva alishuka. Mwanamkasi alimtambua mara moja, kama ambavyo mtu yeyote mjini angemtambua. Alikuwa Msafiri, mwimbaji wa taarabu, ambaye sauti yake ilitoka kwenye santuri za nusu ya nyumba za mtaa ule. Alishika mlango wa gari, akauachia, akaushika tena. Akapita karibu na Uweso aliyelala chini bila kumtazama, akasimama mbele ya kitanda, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mzee," alikiambia kitanda. "Utaniwia radhi, sikukuona."

Kisha akasubiri kuitikiwa. Mwanamkasi, aliyekwisha piga magoti kando ya mumewe, alisikia harufu ya tembo la mnazi ikimfikia kutoka pale aliposimama yule mtu.

Watu walipokusanyika, rafiki wawili wa Msafiri waliokuwa ndani ya gari walikuwa wamekwisha mwondoa. Askari walimkuta kwake kesho yake, ameoga, amenyoa, anakunywa chai. Daktari alimpima akamkuta hana neno. Kwa hiyo shtaka la kuendesha motokaa akiwa amelewa likabaki limesimama juu ya watu wawili tu, mwenye mguu na mkewe.

Kesi ilipoitwa mara ya kwanza, wakili wa mshtakiwa alikuwa mgonjwa. Mara ya pili wakili alikuwa mzima, lakini mshtakiwa amekwenda Mombasa kutia sauti kwenye santuri, na mkataba huo ulikuwa umewekwa kabla ya ajali. Mara nyingine hakimu alikuwa likizoni kwao Ulaya. Mara nyingine Inspekta, ndiye mwendesha mashtaka, alikuwa amehamishwa, na aliyechukua nafasi yake hajasoma jalada. Ikaja siku jalada lenyewe halikuonekana. Kila mara Uweso na Mwanamkasi walitoka Ngamiani asubuhi, mume na gongo la kutembelea kwapani, wakakaa kwenye benchi la mahakama kule bomani mpaka karani alipotoka kuwaambia kwamba kesi imetajwa, waende, watarudi tarehe fulani.

Neno hilo lilimchekesha Uweso. Watu wa pwani husema kwamba mtu akipaliwa na chakula, basi mahali fulani anatajwa.

"Imetajwa tena," alimwambia mkewe wakirudi. "Kesi hii ingekuwa mtu, ingekwisha kufa kwa kupaliwa."

"Usicheke barabarani, utaanguka."

"Nikianguka nitapata kesi ya pili. Hiyo itakwenda haraka, maana mshtakiwa ni gongo."

Kuwamba kitanda kunataka mtu akanyage ubao wa kitanda kwa mguu na kuvuta kamba kwa mwili wote. Uweso alijaribu kwa mguu wa kushoto, na kamba zikatoka zimelegea. Mwanamkasi akajifunza kuwamba mwenyewe, mumewe akiwa ameketi kwenye kigoda anamwelekeza, na wateja wakaambiwa kwamba kazi ni ya Uweso, kwa sababu wasingependa kulala juu ya kazi ya mwanamke. Hakuna aliyelalamika.

Majirani walikuwa na maoni yao. Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Mboni, kiongozi wa wanawake wa chama cha taarabu cha Msafiri, mtu mwenye sauti ya kuita watu bila kutoka ndani. Ndiye aliyechagua sare za chama, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka kumtunza mwimbaji kwa pesa. Pia alikuwa somo wa wasichana wengi wa mtaa, aliyewafunda unyago na kuwapeleka kwa waume zao. Yeye na Mwanamkasi walichota maji bomba moja.

"Shoga, mwaka unakwisha mwenda bomani," alisema siku moja, ndoo yake ikijaa. "Hamjapewa hata chai?"

"Tumepewa tarehe."

"Tarehe hainyweki." Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mboni akashusha sauti. "Mwacheni Msafiri wa watu. Kitanda chenyewe hakikuvunjika."

"Ulivunjika mguu."

"Mguu huunga, mwenzangu. Sauti ikifungwa jela haiungi."

Mwanamkasi alijitwika ndoo akaenda zake. Hakuwa mtu wa kujibizana, na baadhi ya watu walichukua ukimya wake kuwa ni kiburi.

Masika ya mwaka 1957 Uweso alishikwa na homa, akalala juu ya kitanda alichokiwamba mwenyewe zamani, na hakuamka. Homa ile haikuhusu mguu. Daktari alisema hivyo na Mwanamkasi hakubisha. Siku mbili kabla ya kufa, Uweso, akili yake ikiwa timamu, alimwambia mkewe, "Wakikuita, ile ya kitanda usiisahau. Mimi nilikuwa chini, sikuiona. Wewe uliiona."

Basi kesi iliyokuwa na mashahidi wawili ikabaki na mmoja, na huyo mmoja akaingia eda.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Katika Ngamiani ya wakati ule alivaa nguo nyeupe zisizo na mapambo, hakujitia manukato wala wanja, hakutoka nje ya nyumba, na wanaume wasio maharimu wake hawakumwona. Dada wa Uweso, Bi Asmahani, alihamia kwake ili amtunze na kupokea watu mlangoni. Wenyeji wenyewe hawakulitumia neno eda walipopokea wageni. Walisema tu kwamba fulani amekaa, na kila aliyezaliwa pwani alielewa, akatoa pole, akaondoka.

Askari Fanueli hakuzaliwa pwani. Alitoka milimani Usambara, Mlutheri, ana miezi michache tu mjini, na ndiye aliyetumwa kupeleka hati ya kumwita shahidi, kwa kuwa hakimu mpya alikuwa amewasili na kukuta makabati yamejaa majalada ya zamani. Fanueli alipiga hodi, akamwamkia Bi Asmahani vizuri, akaeleza kilichomleta.

"Mwanamkasi amekaa," alisema Bi Asmahani.

"Ndiyo, mama. Naomba umwite."

"Baba, nimekwambia amekaa. Hatoki."

"Ni mgonjwa?"

"Ugonjwa wa nini? Mzima, alhamdulillahi. Amekaa."

Fanueli aliangalia ukumbini, akaona pazia, na nyuma yake kivuli cha mtu ameketi mkekani. "Atatoka lini?"

"Akimaliza."

"Akimaliza nini?"

"Akimaliza kukaa," alisema Bi Asmahani, ambaye sasa aliona kwamba kijana huyu ama ni mpumbavu ama anafanya mzaha na msiba.

Fanueli naye alidhani anafanyiwa mzaha. Alirudi kituoni akaandika taarifa iliyokuwa ya kweli neno kwa neno: shahidi amekaa nyumbani kwake, si mgonjwa, na kwa maneno ya nduguye hatatoka mpaka amalize kukaa. Siku ya kesi karani aliitafsiri kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, na kwa Kiingereza ikawa ni mwanamke mkaidi aliyekataa wito wa mahakama kwa sababu hajisikii kuinuka.

Wakili wa Msafiri alizaliwa mjini humo humo na alijua fika maana ya kukaa. Alisimama, lakini si kwa kueleza. Alisema kwamba mteja wake, mtu mashuhuri anayetegemea jina lake, ameteseka kwa kuchelewa kwa kesi hii, na kwamba haki inayochelewa si haki. Aliomba shtaka lifutwe. Huyu ndiye aliyekuwa mgonjwa mara ya kwanza, na ndiye aliyeomba safari ya Mombasa.

Hakimu hakulifuta. Alitoa hati ya kumkamata shahidi, aletwe Alhamisi kabla ya adhuhuri. Asipoletwa, shtaka lingefutwa siku hiyo hiyo.

Alhamisi asubuhi Fanueli aliingia mtaani pamoja na askari mwenzake, mtu mzima mwenye haraka. Mboni alikuwa bombani. Aliwaona wakisimama mlango wa tatu kutoka kwake, akasikia neno kukamata, akaiacha ndoo.

"Mnamkamata nani?"

"Mwanamkasi binti Mwinyijuma," alisema Fanueli. "Amekataa wito."

"Mwenye eda?"

"Eda ndiyo nini?"

Wanawake wa bombani waliokwisha mfuata Mboni walicheka, kisha wakaacha, kwa kuwa kijana alikuwa anauliza kweli. Mboni akamweleza polepole, kama anavyomfunda mwali mzito wa kushika, tangu kifo cha Uweso mpaka nguo nyeupe.

Fanueli alivua kofia. "Mama, mbona hamkuniambia kuwa amefiwa?"

"Tulikwambia amekaa," alisema Bi Asmahani kutoka mlangoni.

"Kwetu aliyekaa ameketi tu."

"Basi kwenu hawafi."

"Wanakufa, mama. Lakini tunasema wamekufa."

Yule askari mwenzake alitazama jua. Alisema kwamba pole ni pole na hati ni hati. Wakirudi kueleza, adhuhuri itapita na shtaka litafutwa. Wakirudi mikono mitupu watashtakiwa wao. Mwanamke atoke kwa miguu yake, au atashikwa mkono.

Nyuma ya pazia Mwanamkasi alikuwa amesimama. Alisikia kila kitu, na alijua kwamba ikipita adhuhuri hakuna atakayemwuliza tena habari za barabara ya Makorora.

"Wifi," aliita. "Nataka kwenda."

Bi Asmahani aliingia ndani. "Umkalie mume eda nusu, kisha ukaonekane bomani, mbele ya wanaume wa mji mzima?"

"Mwalimu wa msikiti alisema juzi, mwenye eda akiwa na dharura hutoka mchana, akarudi kabla ya magharibi."

"Mwalimu anasema sheria. Mimi nasema watu. Watasema kaka yangu hakukaliwa. Hilo halifutiki, Mwanamkasi. Wewe utaolewa, utasahau. Yeye jina lake litabaki linazungumzwa vibarazani."

Maneno yale yalimgusa Mwanamkasi mahali pake, kwa kuwa hakutaka Uweso adharauliwe hata kidogo. "Yeye ndiye aliyenituma," alisema. "Nisipokwenda nitakuwa nimemkalia, sikumsikiliza."

Mboni alikuwa amesimama ukumbini. Angeweza kurudi kwenye ndoo yake. Saa chache tu za kukaa kimya, na Msafiri angelala kwake akiwa huru, na harusi tatu zilizomngoja mwezi ule zingepata mwimbaji wao. Wanawake waliokuwa nyuma yake walilijua hilo, na wote walikuwa wa chama chake. Walimtazama yeye.

Mboni alimtazama askari mwenye haraka, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha shika kizingiti.

"Utoe mkono huo," alisema. "Mwenye eda hashikwi mkono katika mtaa huu, nami ni hai." Akageuka. "Chiku, nenda kwangu kalete shuka. Nyeupe, zile pana. Na wewe lete zako. Leteni zote."

"Na kanga za sare, da Mboni?" aliuliza Chiku, mdogo kuliko wote.

"Sare haiendi bomani. Nimesema shuka."

"Unafanya nini?" aliuliza Bi Asmahani.

"Mwenye eda hatoki ndani. Vema. Basi hatutamtoa. Tutakwenda naye na ndani yake."

Wakasimama kumi na kitu ukumbini, wakashika shuka kwa ncha, mikono juu ya vichwa, wakafanya ukuta mweupe wa pande nne, na Mwanamkasi akaingia katikati. Bi Asmahani aliutazama ukuta ule. Akakagua pembe, akamwambia mmoja ainue zaidi, kisha akaingia ndani yake na kusimama karibu na wifi yake.

Kabla hawajatoka, Mboni alisema kupitia shuka, "Tuelewane, shoga. Simpeleki mtu akamfunge Msafiri. Nakupeleka usishikwe mkono."

"Nimeelewa," alisema Mwanamkasi. "Lakini nitasema niliyoyaona."

"Useme. Mimi nimeshika shuka, sijashika kinywa chako."

Walitembea kutoka Ngamiani mpaka bomani kama nyumba nyeupe isiyo na dari, askari wawili wakiwa mbele. Wauza maduka walitoka nje. Waendesha baiskeli walishuka. Mwanamkasi hakuona kitu isipokuwa shuka, vidole vya majirani, na barabara chini ya miguu yake, na alijikwaa mara moja, Bi Asmahani akamdaka.

Mahakamani watu walisimama. Hakimu aliuliza ni nini hiki. Karani, ambaye safari hii hakuwa na maandishi ya kutafsiri, alieleza kwa maneno yake mwenyewe. Hakimu akaomba apewe ile taarifa ya Fanueli, akaisoma tena taratibu, na alipomaliza alimtazama wakili kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Wakili alikuwa anapanga karatasi zake.

Ilikubaliwa kwamba shuka ya mbele ifunguliwe upande wa hakimu tu. Msafiri alikuwa kizimbani upande huo huo, kwa hiyo walionana. Alikuwa amevaa kanzu safi na koti. Alikuwa amekonda.

Mwanamkasi aliapa. Alieleza barabara, motokaa, mguu. Alikosea upande wa barabara, akajisahihisha, na wakili akaandika. Kisha akaeleza kitanda.

"Alikifanya nini kitanda?" aliuliza Inspekta.

"Alikiamkia. Alisema, shikamoo, mzee. Utaniwia radhi, sikukuona."

Watu walicheka, na shuka zikatikisika pande zote, kwa kuwa walioshika walicheka pia. Mboni aliwakemea kwa kunong'ona.

"Na kitanda kilikuwa na mtu juu yake?"

"Hapana. Kilikuwa kipya. Mume wangu alikuwa chini, nyuma yake. Yeye hakumwamkia."

Hapo hapakucheka mtu.

Wakili alisimama. Alimwuliza kama amewahi kuonja tembo. Hakuwahi. Alimwuliza basi harufu aliijuaje, na Mwanamkasi akajibu kwamba wagema hupita mlangoni kwake kila siku. Alimwuliza kama mtu hawezi kulewa kwa popoo kali ya tambuu, na akakiri kwamba huweza; mwenyewe aliwahi kulewa hivyo harusini kwake. Alimwuliza kama mtu aliyeshtuka hawezi kusema maneno ya ajabu. Alifikiri, akasema huenda akaweza, yeye hajui. Wakili aliketi akiwa ameridhika. Baadaye aliomba kesi iahirishwe ili amtafute shahidi wa kueleza habari za popoo.

"Haitaahirishwa," alisema hakimu.

Aliondoka kwenda chumbani kwake. Wanawake walibaki wamesimama, shuka juu. Karani aliwaletea benchi, lakini ukuta hauwezi kuketi. Hakimu aliporudi alisoma hukumu yake fupi, na karani akaitoa kwa Kiswahili: mshtakiwa ana hatia, jela miezi mitatu, hataendesha motokaa kwa muda wa miaka mitano.

Msafiri aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma alisema, "Lo." Chiku akaanza kulia, kisha aliyekuwa karibu naye, kisha pande zote nne za nyumba ile nyeupe zikawa zinalia, kwa kwikwi za watu wasioweza kufuta machozi kwa sababu mikono yao iko juu. Walikuwa wanamlilia mwimbaji wao aliyekuwa anapitishwa mlango wa pembeni kati ya askari wawili. Shuka haikushuka hata moja.

Mwanamkasi alisimama katikati ya kilio kile. Hakujua amtolee nani pole. Bi Asmahani alimshika bega akamwambia twende, jua limepinduka.

Walirudi kwa njia ile ile, polepole zaidi. Mboni alikuwa pembe ya mbele kulia, karibu kiasi kwamba Mwanamkasi aliweza kumsikia akihema. Macho yake yalikuwa mekundu na hakugeuka kumtazama. Walipofika njia panda ya kuingia mtaani pembe yake ilianza kushuka, na Chiku akajitolea ampokee.

"Niache," alisema Mboni.

Akahamisha ncha ya shuka kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaiinua pale ilipokuwa, wakaendelea.